Neno la Kifaransa Lililonyamazisha Vinu

Sauti ya kinu ikinyamaza ghafla, mimi huinua kichwa. Sijali niko wapi. Niwe sokoni, niwe nimeketi kwa watu nakula, jirani akiwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, tu, tu, tu, na mara ule mpigo ukakosekana, moyo wangu unaruka. Ninangoja. Mara nyingi ni mtwangaji tu anapangusa jasho, ama anamfukuza mtoto aliyepitisha mkono. Kisha tu, tu, tu, inaanza tena, na mimi naendelea na maneno yangu kama mtu asiye na shida. Wanangu wananicheka. Wacheke tu, wao hawakuwako.

Baba yangu alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu wa Muhumba aliyeielewa, hata mimi. Alifanya kazi Lwiro, kwa wasayansi, kwenye mashine yenye sindano iliyochora mitikisiko ya ardhi juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Aliondoka Jumatatu na lori, akarudi Jumamosi na harufu ya masizi kwenye mikono. Ilikuwa miaka ya Zaire, kila mwanaume anaitwa sitwayeni, yaani raia, na majina ya watakatifu yanatajwa kwa siri ndani ya nyumba. Mtaani lakini alikuwa papa Nsimire, kwa jina langu mimi mzaliwa wake wa kwanza, na wakitaka kumtania walimwita Bwana Tetemeko.

"Bwana Tetemeko, ile mashine iko inasema nini?" Huyo alikuwa tonton Bisimwa, mjomba wa watoto wote wa mtaa, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mtu wa redio na muziki.

"Haiseme kitu. Inaandika yenye imekwisha kupita."

"Aka! Serikali ikulipe mushahara juu ya kuandika kitu yenye sisi wote tulishasikia mu miguu?"

Baba alicheka, akasema mshahara wenyewe haulipwi kila mara. Lakini Bisimwa hakucheka. Aliamini, na mtaa mzima uliamini pamoja naye, kwamba baba anajua siku na saa na anatuficha kwa amri ya wakubwa.

Msimu ule wa mvua nilikuwa na miaka minane, na ardhi ilikuwa haitulii. Ilikuwa mitikisiko midogo, ya kufanya gilasi za mama zigongane ndani ya kabati. Mama alikuwa na mimba kubwa. Kila gilasi zikilia, alishika tumbo kwa mkono mmoja na kabati kwa mkono mwingine, akatazama dari. Watu walimfuata baba mpaka mlangoni: ile kubwa itakuja lini? Alijibu kwamba hakuna mtu anayejua, hata Wazungu hawajui. Walimsikiliza kwa heshima, wakaondoka, kisha wakaanza kumchunguza. Baba akikaa nje jioni, watu wanatoa mikeka nje. Baba akiingia mapema, wote wanaingia. Jumamosi moja alifungua dirisha kwa sababu ya joto, na nyumba yote ya jirani ikatoka mbio na magodoro. Akawa anaogopa hata kujikuna.

Tuliishi ua mmoja na mama Mugisho. Alisomeshwa na masista, akawa mkunga, na nusu ya watoto wa mtaa walipita mikononi mwake, mimi mmoja wao. Alikuwa na sauti, jamani! Akiita mtoto Muhumba, wavuvi kwenye ziwa wanageuka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, aliyempata baada ya kungoja sana hata watu wakaacha kumwuliza. Akamwita Mugisho, ambalo kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ni baraka. Baraka yenyewe ilikuwa na pengo mbele, magoti yenye vidonda kila siku, na kazi yake kubwa ilikuwa kuiba karanga ndani ya kinu cha mama yangu. Tulisoma darasa moja. Mimi nilimpenda, ingawa kwa umri ule ningekupiga kama ungesema hivyo.

Ujue pia kwamba mama Mugisho alimlea kama masista walivyomlea yeye. Mtoto haruhusiwi kujibu mkubwa. Mugisho akianza tu kusema "lakini mama," kidole kinainuka, na kile Kifaransa cha konventi kinatoka: "Pas de réplique!" Usinijibu! Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza nyuma ya nyumba, kidole juu, mpaka tunaanguka kwa kicheko.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida, baba yuko Lwiro. Mama alikuwa uani anatwanga sombe taratibu kwa sababu ya tumbo. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Mugisho alikuwa amepanda juu ya bati la jikoni kwao kutafuta mpira wetu wa matambara, na lile jiko lilikuwa la matofali, kijumba peke yake pembeni ya ua.

"Mugisho! Shuka! Shuka sasa hivi, ingia mu jiko, uningojee mule!"

Alishuka. Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini mama, mupira..."

"Pas de réplique!"

Akaingia. Na kinu kikanyamaza.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinua mchi juu na hakuushusha. Kulikuwa na mngurumo wa lori linaloteremka mlima, ila hakukuwa na lori. Kisha maharagwe yakaanza kutembea yenyewe kwenye ungo. Sikumbuki nilianguka namna gani. Nakumbuka mama amekumbatia kinu kwa mikono yote miwili, na ukuta wa jiko la jirani ukilala wote kwa pamoja, pole pole, na bati juu yake. Vumbi jekundu lilifunika ua, likawa na ladha mdomoni.

Ilipotulia, mama Mugisho akaanza kuita. "Mugisho!" Akaita kwa ile sauti yake, "Mugisho! Mugisho weee! Unijibu!" Wanaume walikuja, wakatoa matofali kwa mikono. Yeye alikuwa anaita tu. Mugisho hakumjibu.

Tulimzika na mvua. Baada ya mazishi hatukujua tumwite mama yake namna gani, maana kwetu mwanamke anachukua jina la mtoto, na mtoto hayuko tena. Tuliendelea kusema mama Mugisho. Kila tukisema, tulijisikia tumemchoma. Yeye hakuitika wala kulia. Alikaa kwenye kiti kidogo uani, mbele ya lile rundo la matofali, akanyamaza.

Hakuna aliyelala ndani tena. Ua wetu ukajaa maturubai, vitanda, masufuria, kabati la mama likiwa limesimama nje kwenye mvua kama mgeni asiyekaribishwa. Baba alifika kutoka Lwiro, sehemu kubwa kwa miguu, uso umebadilika. Hakupewa hata maji. Watu walimzunguka palepale.

"Papa Nsimire, imekwisha?"

Baba alitazama maturubai, akatazama tumbo la mama. Akalamba midomo. "Kutakuwa répliques," akasema.

Neno hilo, kwa watu wa kazi yake, ni ile mitikisiko inayofuata tetemeko kubwa. Lakini nani angejua? Watu walitazamana. Ndipo kutoka kwenye kile kiti kidogo tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mazishi. Mama Mugisho alikuwa ameinua kichwa.

"Réplique ni kujibu," akasema. "Mutu anasema kwa nguvu, mwingine anamujibu na hasira. Udongo iko inatujibu." Alitazama mikono yake. "Ni kelele yetu udongo iko inajibu."

Baba akafungua mdomo. Lakini ungefanya nini, ubishane na mama aliyetoka kumzika mtoto wake? Halafu yeye ndiye msomi wa Kifaransa wa ua wetu. Kabla baba hajapata maneno, ardhi ikatikisika kidogo, gilasi zikalia ndani ya kabati, na mtoto mchanga wa jirani, aliyekuwa analia wakati ule, akanyamaza kwa hofu. Basi, ikawa imekwisha. Kila mtu alikuwa ameona kwa macho.

Tangu siku hiyo mtaa wetu ulinyamaza. Sisemi kupunguza sauti, nasema kunyamaza. Vinu viligeuzwa chini juu, na tukala maharagwe mpaka matumbo yakatusahaulisha adabu, ambayo nayo ilikuwa kelele. Jogoo walikwisha. Aliyewika asubuhi, mchana alikuwa ndani ya sufuria. Tonton Bisimwa alifunga redio yake ndani ya blanketi na kuiwekea sikio kama anamsikiliza mgonjwa. Hata mkubwa wa Chama, ambaye kazi yake ilikuwa kutukusanya tuimbe na kucheza kwa heshima ya nchi, alitukuta tunafungua midomo na kuyumbisha viuno bila sauti. Alisimama pale na filimbi yake mkononi, hajui kama huu ni uasi ama ni msiba. Akaondoka kwa vidole vya miguu.

Ninacheka nikikumbuka, lakini wakati ule hapakuwa na cha kucheka. Ardhi iliendelea kutikisika, na kila ikitikisika watu walitafuta aliyeiita. Mtoto aliyeangusha kifuniko. Mwanamke aliyepiga chafya. Tulianza kutazamana kwa macho mabaya. Yule jirani mwenye mtoto mchanga aliambiwa ahame, na alihama akilia kimya, mtoto amefungwa mgongoni chini ya nguo mbili. Baba alijaribu kuwaeleza. Alizunguka akisema "udongo haina masikio, udongo haina masikio," na mwenyewe alisema kwa kunong'ona.

Kisha macho yote yakahamia kwa mama. Tumbo lilikuwa limeshuka. Hakuna aliyesema, lakini hata mimi niliona wanachofikiri: huyu atazaa, na anayezaa analia, na akilia itatujibu. Mwishowe tonton Bisimwa, aliyenibeba mabegani tangu utoto, alikuja na kofia mikononi.

"Papa Nsimire, usikasirike. Batu wanasema, mama ashuke kule chini karibu na ziwa. Akimaliza, atarudia."

"Mu mvua hii? Peke yake?"

"Siye miye nasema. Ni batu."

Baba alimfukuza. Alirudi chini ya turubai letu na hasira, na mimi nilikuwa nimejifanya nimelala mchana nyuma ya mgongo wa mama. Mama akamwuliza, chini chini: "Kweli kabisa, inasikiaka?"

"Hapana. Haisikie. Itatikisika ulie, usilie."

"Itatikisika tena?"

"Ni lazima."

"Basi sitalia," mama akasema.

Sikuelewa. Kama haisikii, kwa nini asilie? Nilitaka kumwuliza, nikakumbuka nimelala.

Uchungu ulimjia alasiri moja, mawingu meusi juu ya ziwa na upepo unapigapiga maturubai. Ulikuja kwa haraka, na barabara ya kwenda maternite, hospitali ya kuzalia, ilikuwa matope matupu. Baba alimtazama mama Mugisho kwenye kiti chake. Hakuwa amegusa mtu tangu mazishi. Alinyanyuka bila neno, akanawa mikono, akaingia chini ya turubai letu. Mimi nilikuwa nimeshika taa na hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

Watu walikuja kusimama kuzunguka. Hawakuja kusaidia. Walisimama kwenye manyunyu wakisubiri sauti. Mama alichukua kitenge, akakikunja, akakiuma. Mishipa ya shingo yake ilisimama, machozi yalimshuka mpaka masikioni, mikono yake ilichimba udongo wa ua. Hakutoa hata mguno. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa pale. Niliuchukia na ule udongo chini ya magoti yangu. Ningeupiga teke kama singekuwa na taa.

Mtoto akatoka. Alikuwa wa kike, wa rangi ya bluu, na hakulia.

Kwa kitambo kidogo niliona watu wakishusha mabega. Walifurahi, Mungu awasamehe. Mtoto asiyelia! Mama Mugisho peke yake alijua maana yake. Alimgeuza, akamfyonza pua na kutema, akampiga nyayo, akamsugua mgongo. Mtoto alining'inia mikononi mwake kama nguo iliyofuliwa. Akampiga tena. Mama alitoa kitenge mdomoni, akanong'ona, "Mama Mugisho, vipi?" Yeye hakumjibu. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Alitazama watu waliosimama, akatazama lile rundo la matofali, akamtazama mtoto.

Kisha akapiga kelele.

"LIA!" Ilikuwa ile sauti yake ya zamani, sauti ya kugeuza wavuvi. Watu waliruka. "Lia! Unijibu! Lia, Mugisho, lia! Unijibu mama yako!"

Tonton Bisimwa aliweka mikono kichwani. Mwanamke mmoja akaanza kukimbia. Mama Mugisho alimpiga mtoto mgongoni na kupiga kelele tena, "Unijibu!" na mdogo wangu akakunja uso, akakohoa kitu, akalia. Alilia vibaya, kama mlango wenye kutu, halafu akapata nafasi na kulia sawasawa.

Na ardhi ikatikisika. Sijui kama ilikuwa bahati mbaya ama ilikuwa zamu yake tu. Gilasi zililia kabatini, kigae cha nyumba kikaanguka, taa ikayumba mkononi mwangu. Watu waliganda. Nilimtazama mama Mugisho, amemkumbatia mtoto kifuani, uso umelowa. Alishusha macho, akatazama udongo. Kidole chake kikainuka.

"Na wewe!" akauambia. "Pas de réplique!"

Ikatulia. Mtu mmoja alicheka, nafikiri ni tonton Bisimwa, kicheko cha kukosa la kufanya. Mwingine akacheka. Mama akaanza kulia kwa sauti, ile sauti yote aliyokuwa ameiuma ndani ya kitenge, na watu wakacheka na kulia pamoja naye pale kwenye mvua. Mama Mugisho naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake niliamshwa na tu, tu, tu. Mama Mugisho alikuwa amegeuza kinu chetu, anamtwangia mzazi sombe. Mitikisiko iliendelea, ikapungua pole pole mpaka tukaacha kuihesabu. Tulirudi ndani nyumba moja moja. Wanaume waliokuwa wamesimama kwenye manyunyu wakisubiri sauti ya mama ndio waliojenga jiko upya, na matofali yale yale, yaliyokwanguliwa udongo moja moja. Hawakumtazama mama usoni kwa muda mrefu.

Mdogo wangu kwenye karatasi za serikali anaitwa Neema. Mtaani hadi leo ni Replike, na ana mdomo wa kulingana na jina.

Baba alizeeka akijilaumu kwa neno lile. Siku moja, mimi nikiwa mtu mzima, nilimwuliza kwa nini hakusema tu kwa Kiswahili, itarudi. Mtoto mdogo angeelewa. Akasema: "Niliogopa. Mama yako alikuwa anasimama pale na tumbo. Kusema 'itarudi' ilinishinda mu mdomo. Kwa Kifaransa ilitoka."

Na mama nilimwuliza kuhusu kitenge. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua uso. "Papa yako alisema itatikisika, nilie nisilie. Sasa kama nililia, na ikatikisika? Mama Mugisho angejua mpaka kufa kwake kwamba ni kelele yake iliua mutoto wake."

Lakini yule mama alipiga kelele mwenyewe, nikasema, na ikatikisika.

"Ndiyo," mama akasema. "Lakini safari ile, mutoto alimujibu."

Kwa miaka mingi nilidhani mama Mugisho, akimwita mdogo wangu Mugisho siku ile, kwa haraka alikosea jina.